Mzee Gerson Ndahani na Ubaridi wa Kiti cha Nyuma

Kabla sijasoma, nawaomba ndugu mliosimama mbele ya lile gari jeupe msogee pembeni. Mama yetu yumo ndani. Injini inawaka kwa makusudi, hatukusahau kuizima, na pua ya gari inahitaji upepo. Mkisimama pale mnauzuia. Asanteni. Na wewe mjomba uliyeegemea boneti, shikamoo, nawe utuwie radhi.

Mimi ni Penina, mtoto wa kwanza wa marehemu. Karatasi mliyonayo mkononi niliiandika Ijumaa nikiwa sijalala, na kuna mahali nimeandika mambo nusunusu kwa kuogopa aibu. Nitaisoma hivyo hivyo, lakini nikifika pale nitaiweka chini. Baba mwenyewe ndiye aliyetaka, mtasikia.

Marehemu Gerson Yotham Ndahani alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 katika kijiji cha Chipanga, ambacho leo kiko Wilaya ya Bahi, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Yotham Ndahani na Mama Ruthu. Babu alikuwa mfugaji na alitegemea mtoto huyu arithi fimbo. Akiwa na miaka tisa alipewa ng'ombe kumi na wanne awachunge. Siku hiyo hiyo lori liliharibika barabarani. Marehemu aliwaacha ng'ombe wakaingia kwenye uwele wa watu, akakaa chini ya lori akimwangalia dereva akifungua na kufunga vyuma mpaka jua likazama. Alichapwa vibaya sana. Hadi uzeeni alikuwa akisema viboko vile ndiyo ada ya shule aliyolipa kwa moyo mkunjufu kuliko zote.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1963 hadi 1969 alipomaliza darasa la saba. Mwaka 1971 alikwenda Dodoma mjini kujifunza ufundi magari kwa miaka miwili, na baada ya hapo alipita Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu wake wa ufundi aliandika kwenye cheti: "Ana subira na chuma, hana subira na watu." Cheti hicho kilitundikwa sebuleni kwetu, na Mama alikuwa akikionyesha kila mgeni.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika karakana ya serikali Dodoma, wakati mji wenyewe ulikuwa vumbi na michoro ya ramani. Alifanya kazi pale miaka thelathini na tisa. Mwaka 1980 lilikuja gari jipya, Pijo 504 ndefu, yenye paa mpaka nyuma penye mizigo, nyeupe, akakabidhiwa yeye alitunze. Lilipochoka, mwaka 1994, likapelekwa mnadani. Alishindana na mtu mmoja tu, ambaye alitaka viti vyake kwa ajili ya baa. Baba aliliendesha hadi nyumbani akipiga honi kama bwana harusi, na Mama akauliza, "Sasa hili litalala wapi na watoto watalala wapi?" Ndilo hilo mnaloliona.

Tarehe 18 Desemba 1982 marehemu alifunga ndoa na Mwalimu Yudith, mzaliwa wa hapa Chemba. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi na mdogo wangu Denis. Alipostaafu mwaka 2013 walihamia hapa kwenye shamba aliloachiwa Mama na wazazi wake. Walilima alizeti, wakaikamua wenyewe, na Baba akajenga banda la mabati la kutengenezea pikipiki na matrekta ya majirani. Wengi wenu hapa amewatengenezea. Wachache wenu amewafokea, naye anaomba radhi kupitia kinywa changu.

Sasa nimefika penye mstari unaosema: "Mwaka 2021 familia ilipata mtihani wa ajali ya moto jikoni." Hapa naweka karatasi chini.

Haikuwa ajali ya jikoni. Jumapili tarehe 7 Februari 2021, baada ya ibada, Baba aliosha kabureta ya gari lake. Fundi yeyote wa magari ya zamani anaosha kabureta kwa petroli. Petroli iliyobaki aliimimina kwenye dumu tupu la lita tano la mafuta ya alizeti, kwa sababu nyumba yetu imejaa madumu hayo, kisha akaliweka nyuma ya mlango wa jiko ili lisipigwe na jua. Petroli iliyooshea kabureta inakuwa ya njano yenye uchafu kidogo. Alizeti ya kukamua wenyewe nayo ni hivyo hivyo. Mama alikuwa na mafua, hakusikia harufu. Alikuwa anakaanga samaki kwenye jiko la mkaa, mafuta yakapungua, akachukua dumu akaongeza.

Baba alimfunika kwa blanketi, na mikono yake mwenyewe ikaungua. Mama aliungua shingo, kifua, mgongo na mikono yote miwili. Alilazwa miezi sita. Walimtoa ngozi mapajani wakambandika juu. Baba alikuwa anakaa nje ya wodi kwenye benchi, na mtu akimuuliza mgonjwa wake amepatwa na nini, alijibu, "Nimemchoma." Nilimwambia, "Baba, usiseme hivyo, watu watakuelewa vibaya." Akanijibu, "Wananielewa vizuri."

Aliposema daktari kwamba Mama anaruhusiwa kurudi nyumbani, alitueleza jambo moja ambalo hatukulijua. Ngozi iliyobandikwa haitoi jasho. Mwili ukipata joto, joto haliendi popote, linajaa ndani mpaka mtu anazimia, na akichelewa anakufa. Wakati huo huo alimpangia arudi Dodoma mjini kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, kunyooshwa shingo na vidole, la sivyo kidevu kingeshikana na kifua. Zaidi ya kilometa mia kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, katika jua la mkoa huu mnalolijua.

Nilitaka akae kwangu Miyuji, hapo hapo Dodoma mjini. Mama alikataa. Alisema hawezi kumwacha mtu peke yake na kosa lake. Wakawa wanapanda basi, Mama amelazwa kwenye kiti kirefu cha mwisho. Tarehe 24 Februari 2022, karibu na Haneti, Mama alianza kumwita Baba kwa jina la marehemu kaka yake mwenyewe, kisha akazimia. Baba alimmwagia maji ya kunywa, akapita kiti kwa kiti akiomba chupa za abiria, akimmwagia, akirudi kuomba tena. Mzee yule aliyekuwa hajui kuomba hata kiberiti. Kondakta mwenyewe alinipigia simu, maana Baba alikuwa hawezi kusema. Mama alizinduka tukiwa tayari tumeshaanza kuita ndugu.

Ndipo Baba alipopata wazo ambalo sisi wote tulilicheka, nami wa kwanza. Alisema atatia kiyoyozi kwenye Pijo.

Msiulize kwa nini hakutafuta gari lingine. Mama hakuweza kukunja mgongo kuketi. Pijo hili nyuma ni pana, godoro linaenea, na springi zake ni laini. Tulimjaribu kwenye teksi mara moja, ngozi ya shingo ikapasuka kabla hatujafika lami. Kusafiri usiku pia hakukuwezekana, kwa sababu macho ya Baba yalikuwa na mtoto wa jicho na giza likiingia haoni barabara. Lilibaki gari hili na jua lile.

Akaenda Kizota, kule Dodoma mjini, kwa fundi Shaaban, ambaye kazi yake ni mafriji na viyoyozi vya magari. Shaaban yupo hapa leo, amesimama karibu na tairi la mbele. Amenisimulia walivyoongea.

"Mzee, shikamoo. Hii Pijo ina madirisha manne. Hiyo ndiyo AC yake."

"Marahaba. Sikuja kutaniwa, mwanangu. Nina mgonjwa hatoi jasho."

"Injini yenyewe ina miaka arobaini. Ukiibebesha kompresa itachemka."

"Ikichemka hilo ni langu. Wewe nipe baridi."

Ilichukua miezi saba. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, ilitoka kwenye Noah iliyopata ajali. Mahali pa kuishikilia hapakuwepo kwenye injini ile, kwa hiyo Baba alikata chuma cha jembe la kukokotwa na ng'ombe, akakichomelea, kikapasuka, akakata kingine. Mkanda ukalia kama nguruwe kwa wiki tatu. Gesi waliyojaza ikavuja, wakajaza tena, ikavuja. Kila Alhamisi ya pili katika miezi ile Mama alisafiri amelala juu ya mashuka mabichi na madumu ya maji ya kisima, na Baba alisimama kila kilometa kumi kumpima homa. Mara mbili waligeuzia njiani. Usiku alikuwa hali chakula, anachora mipira na mabomba kwenye daftari. Alinipigia simu siku moja saa sita mchana nikiwa ofisini, akasema, "Penina, kama Mungu hataki nilitengeneze hili, basi aniambie anataka nini." Nilikuwa na mkutano. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Baridi ilitoka tarehe 6 Oktoba 2022. Walikuwa wamefunga kisanduku cha upepo kule nyuma, karibu na godoro. Mama aliweka nyuma ya kiganja chake kwenye tundu, maana upande wa mbele hauna hisia tena, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Baba Penina, hii ni asubuhi ya Julai." Shaaban anasema Baba alienda nyuma ya banda akakaa chini.

Lakini kisanduku kilikuwa kidogo. Hakikutosha gari zima. Baba akashona nailoni nene inayopitisha mwanga, akaizungusha kati ya viti vya mbele na godoro, ubaridi wote ukabaki kwa Mama. Tukamuuliza, "Na wewe mbele?" Akajibu, "Mbele nako kuna baridi yake." Tuliridhika.

Kila Alhamisi ya pili nilikuwa ninawapokea pale kliniki. Baba anashuka, anazunguka, anamfungulia Mama mlango. Vidole vya Mama havikunjiki, hawezi kufungua kitasa, kwa hiyo mlango ule ni lazima ufunguliwe na mtu wa nje. Mama anatoka mkavu, amelala usingizi mzuri. Baba shati limeganda mwilini, suruali imelowa mpaka magotini. Nikamuuliza, akasema amesukuma gari. Wiki nyingine akasema amemwagikiwa maji. Mimi nina shahada, ndugu zangu. Niliamini.

Mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu. Alitueleza kwamba daktari amempa vidonge tu, basi. Kadi yake tumeikuta juzi kwenye sanduku la spana, chini ya tambara. Imeandikwa kwa kalamu nyekundu: aepuke joto kali. Hakumwonyesha mtu.

Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024 ilikuwa safari ya hamsini na sita tangu kiyoyozi kifungwe. Walifika kliniki saa sita na nusu. Nilichelewa, foleni ya kutoka ofisini. Baba aliegesha kwenye kivuli, hakuzima injini, maana huwa anaizima Mama akishatoka. Alishuka akazunguka, akashika kitasa cha mlango wa Mama. Akaanguka hapo hapo.

Mama alikuwa ndani, kwenye ubaridi, anamwona kupitia kioo. Alipiga mlango kwa kiwiko. Alipiga kioo kwa paji la uso. Aliita, lakini madirisha yalikuwa yamefungwa na injini inaunguruma, na watu waliopita waliona mzee amekaa chini kando ya gari lake. Nilifika mimi. Nilimfungua Mama kwanza au nilimshika Baba kwanza, mpaka leo sikumbuki, na sijui nani kati yao ataniuliza. Madaktari walijitahidi. Alifariki saa tisa na dakika kumi alasiri. Walisema mwili wake ulikuwa umekauka na damu imepanda kichwani. Mmoja akauliza alikuwa anafanya kazi gani juani. Nikasema hakuwa juani, alikuwa kwenye gari lenye kiyoyozi.

Jumamosi nilimrudisha Mama hapa Chemba kwa gari hili. Baba ndiye aliyenifundisha kuendesha, nikiwa kidato cha nne, humu humu. Niliwasha, na kabla hatujatoka mjini nikasikia moto miguuni. Chini ya dashibodi, kibao cha hita kilikuwa kimevutwa mpaka mwisho, mwisho wa moto, kikafungwa kwa waya ili kisirudi. Nikadhani ni ubovu. Nikakata waya, nikafunga hita. Hatujafika mbali mshale wa joto la injini ukaingia kwenye nyekundu. Nikasimama pembeni nikampigia Shaaban.

"Dada, rudisha ile hita," akasema. "Waya ule mzee aliufunga kwa makusudi. Kompresa inaichosha injini. Moto usipopata pa kwenda, inachemka na AC inakufa. Kwa hiyo aliuleta kwake."

"Kwake wapi?"

"Pale ulipokaa."

Nikaurudisha waya. Nikaendesha. Ndugu zangu, sina neno la kueleza hali ya kiti kile. Nguo ya kiti inachoma. Usukani unachoma. Unavuta pumzi unaona umevuta mvuke wa sufuria. Nilifungua dirisha, upepo ulioingia ulikuwa wa Novemba. Nilifika Haneti nikiwa naona weusi pembeni mwa macho, na nina miaka arobaini. Yeye alikuwa na sabini na moja, mara hamsini na sita.

Mama akagonga nailoni kwa nyuma. Akauliza kwa sauti, "Penina, mbele kuna baridi?"

Nikasema, "Ipo, Mama."

Akasema, "Hata baba yako alikuwa anajibu haraka hivyo hivyo."

Nikasimamisha gari, nikafungua nailoni. Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Toka safari ya pili. Nilimwona shingo."

"Kwa nini hukumkataza, Mama?"

Alinitazama sana. Akasema, "Miaka yote ile tangu moto, alikuwa hawezi kunitazama usoni. Akitoka kwenye kiti kile ananifungulia mlango, ananitazama. Ningemkataza, angenitazama lini? Nilisema safari ijayo nitamwambia. Kila mara nikasema ijayo." Kisha akasema, "Endesha, mwanangu. Wananingoja nikamlilie."

Nilisema Baba alitaka niweke karatasi chini. Daftari lake la michoro tumelikuta chini ya kiti. Kila safari ameandika mstari mmoja. "Haneti, amelala." "Haneti, ameimba kidogo." "Haneti, amelala." Kurasa na kurasa. Juu yake mwenyewe hakuna hata neno. Ukurasa wa mwisho umeandikwa hivi: "Siku yangu msiseme ajali ya jikoni. Semeni dumu. Wapo watu wenye madumu ndani mpaka sasa."

Kwa hiyo nasema dumu. Mafundi mliopo hapa, na wake zenu, mkirudi nyumbani leo, kabla hamjavua viatu, angalieni nyuma ya mlango wa jiko.

Marehemu ameacha mjane, Mwalimu Yudith, watoto wawili, Penina na Denis, wajukuu watano, dada yake, Shangazi Erica, majirani aliowatengenezea na aliowafokea, na gari moja ambalo hakuna anayejua kulituliza isipokuwa Shaaban, na Shaaban anasema hana uhakika.

Mzee wetu wa kanisa, Mzee Henry, aliomba mjane aketi kwenye mkeka na kina mama wenzake kama ilivyo desturi. Tumemweleza, ametuelewa. Mama atatoka kwa muda wa kutupa udongo mkono mmoja, halafu atarudi ndani. Tumelielekeza gari mashariki unakotoka upepo. Gari likiwa limesimama injini inapata moto zaidi, kwa hiyo hita iko wazi mpaka mwisho, na lazima awepo mtu mbele wa kuangalia mshale. Aliyekaa pale sasa ni mdogo wangu Denis. Amekaa tangu saa saba na hajakubali kupokewa. Nimemuuliza kupitia dirishani kama anaweza. Amenijibu kwamba mbele kuna baridi yake.

Mungu wetu, huyu mtu ameshapata joto la kumtosha. Mweke penye kivuli.

Ndugu zangu, naomba njia. Nakwenda kumfungulia Mama mlango.